Albamu ya Vikwembe vya Maman

Maman hakuwa mtu wa kuandika nyuma ya picha. Alituachia picha ishirini na tatu ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi zetu za ubatizo, na katika hizo zote ni moja tu iliyokuwa na neno mgongoni: «Usipoteze». Hadi leo sijui alikuwa anamwambia nani. Pengine papa. Pengine mimi. Pengine alijiambia mwenyewe, maana maman alikuwa akipoteza funguo kila wiki.

Nilizimwaga kitandani Jumapili moja baada ya misa, miezi tisa tangu tumzike. Nilikuwa na mpango. Mimi sikosi mpango. Patroni wangu wa atelie, kule Kadutu ninakojifunza kushona tangu nilipoacha masomo, husema kichwa changu kina vyumba vingi kuliko zile nyumba za kando ya ziwa kule Ibanda, ila vyote havina hata kiti. Mpango wa mara hii ulikuwa kutengeneza albamu ya maman, na kuimaliza kabla ya siku ya kuondoa kilio.

Kwetu, mwaka ukitimia, padri anasoma misa ya marehemu, watu wanakula, kisha wakubwa wa familia wanakaa na kugawana vitu alivyoacha. Siku hiyo ndiyo pia mdogo wangu angeondoka. Mama mudogo, mdogo wa mwisho wa maman, anaishi Kamanyola na hana mtoto, na walikuwa wamekwisha kupatana na papa kwamba atamlea. Papa anachimba dhahabu Luhwindja na anashuka mjini mara moja kwa miezi miwili. Mimi nashinda atelie tangu asubuhi hadi giza linapokaribia. Msichana wa miaka minne angebaki na nani? Kwa hiyo sikubisha.

Lakini nilijua jambo ambalo wakubwa hawakulijua. Mdogo wangu alikuwa anamsahau maman.

Nililijua Jumapili hiyo hiyo. Alipanda kitandani, akakaa katikati ya picha kama kuku kwenye mayai, nami nikamwonyesha ile iliyo nzuri kuliko zote: maman amesimama wima, mkono kiunoni, anacheka.

«Huyu ni nani?»

Aliitazama vizuri. Mdogo wangu si mtoto wa kujibu haraka.

«Ni maman moja,» akasema.

Maman moja. Kama mtu anavyosema juu ya muuza nyanya wa njia panda. Nikaonyesha nyingine, ya maman amekaa. «Na huyu?» «Ni maman mwengine.» Nikacheka, maana mimi nikitaka kulia hucheka kwanza, na yeye akacheka kwa sababu nimecheka. Hakuwa na kosa. Maman alipolazwa, yeye hakuwa amefikisha miaka mitatu, na figo za maman zilimshika hospitali muda mrefu, mahali ambapo watoto hawakuruhusiwa kuingia. Sura ya mtu inakaa siku ngapi katika kichwa kidogo namna ile?

Basi nikajiapia: huyu mtoto hatashuka Kamanyola bila mama yake.

Albamu za kununua, zile za karatasi ya kunata, niliziona kwenye duka moja Nyawera, nikazigusa, nikaziacha. Nikatengeneza yangu. Kwa miaka mingi maman alikuwa anatunza kalenda za parokia, zile kubwa za ukutani zenye mtakatifu mbele na nyuma nyeupe pe. Karatasi yake ni ngumu. Nilizikata nusu, nikazipachika mbilimbili, watakatifu wakitazamana ndani na weupe ukitokea nje, nikazishona katikati kwa mashine ya atelie. Sindano mbili zilivunjika.

«Hii mashine ni ya nguo!» patroni akapiga kelele. «Kama unataka kushona batakatifu, wende kwa padri!»

«Patroni, siku moja nitakuwa na atelie ya vioo, nitakununulia sindano karto nzima.»

«Ya vioo! Weye hata dirisha ya kwenu imefungwa na bati.»

Alikuwa anasema ukweli. Lakini albamu ilisimama, nene, nzito, na kila ukurasa umefungia watakatifu ndani ambao hakuna mtu angewaona. Hilo lilinipendeza.

Kupanga ndiko kulikonishinda. Kwanza nilijaribu kwa miaka, lakini picha hazina tarehe. Nilikuwa nakisia kwa pengo la jino langu na kwa unene wa papa. Nikajaribu kwa nyumba, maana tulihama mara tatu. Kumbe nusu ya picha zilipigwa studio, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inayoruka, kwa hiyo nusu ya maisha ya maman ilipita mahali ambapo hapapo duniani. Nikajaribu kwa watu: ukurasa wa papa, ukurasa wa shangazi, ukurasa wangu. Lakini katika picha moja wapo watu kumi na mmoja. Ningewakata vichwa?

Nilizipeleka atelie ili nizitazame wakati wa kula. Patroni akapita nyuma yangu, pini tatu mdomoni, akashusha jicho mara moja tu.

«Ile ni kikwembe ya jubile ya parokia,» akasema bila kutoa pini. «Nilishona robe makumi tatu ya ile. Mukono wa puto. Niliota ile maua hadi nikagonjwa.»

Nikageuka. «Na hii?»

«Ya ndoa ya mutoto ya mukubwa wa kwaya. Mwaka ile mvua ilibeba nyumba za mutelemuko.»

«Na hii, patroni?»

Alitoa pini, akavuta kiti.

Mtu wa kwetu akitazama picha ya kina maman, hatazami sura kwanza. Anatazama kikwembe. Kila ndoa ina kikwembe chake, kila jubile, kila kwaya, kila siku ya wanawake. Wote wananunua kitenge kimoja, wanashona kila mtu kwa mtindo wake, na baadaye kitenge hicho ndicho kinachobaki kusema ilikuwa lini na nani aliolewa. Patroni aliishona Bukavu nzima kwa miaka ishirini. Kufikia saa kumi picha zote ishirini na tatu zilikuwa zimejipanga kwenye meza ya kukatia, kuanzia maman mwembamba wa kwaya hadi maman wa mwisho, ambaye kola ya nguo imeanza kumlegea shingoni. Hiyo ya mwisho patroni aliishika muda mrefu kuliko zingine. Halafu akaniambia nirudi kazini, vifungo vya wateja havijifungi vyenyewe.

Vikwembe hivyo, kumi na viwili tu maana kimoja kinarudi katika picha mbili au tatu, vilikuwa bado ndani ya sanduku la chuma la maman, chini ya kitanda. Ufunguo niliachiwa mimi. Mama mukubwa, dada mkubwa wa maman, aliniwekea mkononi siku tuliyorudi makaburini. «Weye ndiye mukubwa wa nyumba. Chunga.»

Nilikuwa nafungua mara moja kwa mwezi kubadilisha vidonge vya nondo. Mwezi ule mdogo wangu alikuwa pembeni, na kabla sijamzuia alikwisha kuvuta kile cha chini kabisa, cha kahawia, kilichochakaa hadi maua yake hayaonekani. Si cha ndoa wala cha jubile. Ni cha kufungia mtoto mgongoni. Mimi nilibebwa humo, na yeye akabebwa humo.

Alikiweka shavuni. Akaanza kuvuta pumzi kwa pua, polepole, kama anayesikiliza kitu.

«Maman,» akasema.

Nikamsogelea. «Maman yupi?»

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. «Maman wa mugongo.»

Nilikaa chini pale pale. Mbona sikuwaza? Mtoto aliyebebwa mgongoni miaka miwili ameona nini cha uso wa mama yake? Ameona kitambaa. Maman wake ana joto, ana moshi wa makaa, ana sabuni, na anatikisika akipanda mteremko wa Cimpunda. Mimi nilikuwa nampa macho na meno ya mwanamke anayecheka, vitu ambavyo yeye hakuvifahamu sana hata wakati ule.

Nikaona albamu nzima kwa mara moja, kama ninavyoona magauni. Kando ya picha za kila kikwembe nitaweka kipande chake chenyewe. Atagusa kitambaa, halafu jicho litapita kwenda kwenye picha, halafu polepole, akikua, uso utajishika na kitambaa, na maman moja na maman mwengine watakuwa maman wake. Nilikuwa na furaha namna ambayo sikuwa nayo tangu kilio. Niliimba. Jirani aliuliza kama nimepata mchumba.

Nilikata wapi? Hapo ndipo kosa langu lilipo, nalo ni kosa la fundi. Kikwembe kina ukingo wenye maandishi madogo, yanayotaja kiwanda na aina ya kitambaa. Atelie, mteja akileta kitenge, tunaanza na ukingo ule: tunaukata na kuutupa, maana nguo haivaliwi na maandishi. Sakafu ya patroni imejaa kingo. Tunafungia mizigo nazo, tunamfungia mbuzi wa jirani nazo. Nikajiambia, nitachukua pale pasipohitajika, upana wa kiganja tu, ambapo mtu akijifunga hapaonekani. Na tena yale maandishi yalinifurahisha. Maman hakuandika chochote nyuma ya picha. Sasa kando ya picha pangekuwa na mstari wa herufi, kana kwamba ameandika.

Nilipika gundi ya unga wa muhogo. Nilibandika vipande kumi na viwili, kila kimoja kando ya picha zake. Ile picha ya «Usipoteze» niliibandika kwa pembe mbili tu, ili mtu aweze kuinyanyua na kusoma. Kila jioni mdogo wangu alipitisha kidole. Kwenye kile cha kahawia alilaza shavu. Jioni moja, nikiwa nakatakata mboga, nikamsikia anasema peke yake, kidole kikitoka kwenye kitambaa cha kahawia kwenda kwenye picha ya maman aliyembeba: «Wa mugongo. Huyu.» Akarudia. «Wa mugongo. Huyu.»

Nilijikata kidole, na sikusikia.

Siku ya kuondoa kilio mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Misa ilikuwa nzuri. Walikula maharage, bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga. Wazee wa Kabare, kwao maman, walikuja na kasiksi, pombe ya ndizi, wakaanza kusimulia namna maman alivyokuwa anakimbia kuliko wavulana. Papa alikuwa ameshuka kutoka Luhwindja, udongo bado ndani ya kucha, amevaa koti ambalo maman alimchagulia. Alikaa karibu na mlango, na kila aliyepita alimshika bega.

Kisha wakatoa sanduku.

Mama mukubwa alikaa kwenye mkeka na dada zake na mawifi wamemzunguka. Ni mwanamke mwenye vidole vya kujua vitu. Alikunjua kikwembe cha kwanza, akakisugua kati ya vidole, akakinusa, kisha akatafuta ukingo. Akageuza upande wa pili. Akarudi.

«Maandishi iko wapi?»

Akakunjua cha pili. Cha tatu. Kila kimoja kwenye kona kilikuwa na dirisha la mraba.

«Panya,» wifi mmoja akasema.

«Panya gani ya kukata droit, sawasawa hivi? Panya ya makasi?»

Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya vikombe, na nilijua kwamba nikikisubiri kicheko kile kiishe nitashindwa kusema.

«Ni mimi, mama mukubwa.»

«Weye?»

«Nilikata kidogo tu. Ni ukingo. Kule atelie tunatupaka.»

«Munatupa!» Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha. «Ile maandishi ndiyo inasema kikwembe ni ya kweli. Leo nikifunga hii, nikisema ni ya dada yangu, batanijibu ni ya bei ya njiani. Miaka yote alifunga bikwembe yake bila kukata hata uzi. Weye ulimukata mu mwaka moja.»

«Dada, umuachilie,» mama mudogo akasema. «Ni mutoto.»

«Mutoto? Huyu tunangojea posa yake.» Akanigeukia tena. «Nilikupatia ufunguo. Familia haijakaa bado, weye ulisha kugawa. Uligawa kabla yetu.»

Hilo la mwisho ndilo lililonipiga. Kwa kweli nilikuwa nimegawa. Nilimgawa maman kati ya mimi na mdogo wangu, na sikukumbuka kwamba alikuwa dada ya mtu.

Nikaweka sinia chini, nikaenda kuleta albamu. Niliamini itaniokoa, mimi huamini vitu vya namna hiyo. Nikaifungua kwenye mapaja ya mama mukubwa. Wote wakainama. Kwa muda hapakuwa na maneno ila «iih» na «ona ile nywele» na «huyu si weye?» na «nilikuwa mwembamba hivi, Mungu wangu.» Mama mukubwa alipitisha kidole kama mdogo wangu anavyopitisha. Kwenye picha ya kwaya alisimama. Wako wawili pale, yeye na maman, vikwembe sawa, wameshikana vidole vidogo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, akasema kitu kwa Mashi, lugha ya kwao, ambacho sikukishika chote.

Kisha akafunga albamu.

«Ni muzuri,» akasema. «Vraiment, ni muzuri. Sasa rudisha.»

Nikamtazama papa. Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

«Fanya vile mama mukubwa yako anasema,» akasema.

Nilipewa siku mbili. Wageni wa mbali walilala kwetu wakisubiri. Nilishikilia kurasa juu ya mvuke wa sufuria, moja moja, ili gundi ilegee, nikavuta kila kipande kwa kisu cha meza. Mdogo wangu alikaa pembeni.

«Unaondoa juu ya nini?»

«Bashangazi na bamama wanabitaka.»

«Hata ya mugongo?»

«Hata ile.»

Akafikiri. «Basi utaweka mwengine,» akasema, kunifariji, kama mimi ndiye ninayeondoka.

Jambo moja sikumwambia mtu hadi leo. Vipande vitatu, vilipolowa, viliacha rangi kwenye karatasi: mraba wa samawati, mraba wa machungwa, mraba wa zambarau wenye vivuli vya maua. Kikwembe cha kweli hakiachi rangi hivyo; vile vitatu vilikuwa vya kuiga. Vilikuwa na maandishi yote, yakisema ni vya kweli, vya kweli kabisa, na maman alivifunga Jumapili kichwa juu, na kimoja kati yake alikinunua baada ya kujinyima nyama miezi mingi. Nilivishona upesi kabla havijakauka vizuri. Mama mukubwa alichukua kimojawapo. Natumaini anakifua kwa maji baridi.

Patroni aliniachia mashine siku zote mbili, akakaa karibu akijifanya ana kazi. «Bapa, bapa! Usivute! Kama mushono inaonekana, usiseme ulijifunza kwangu.» Mshono haukuonekana sana. Ukipitisha kidole ndipo unausikia, kama kovu la chanjo.

Siku ya tatu wakagawana. Kila mmoja alitafuta ukingo, akakuta maandishi yamerudi, akatikisa kichwa, akakunja. Kilipofika kile cha kahawia, mama mukubwa alikiinua kwa vidole viwili.

«Na hii? Hii ni ya kupangusa meza.»

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikasema: «Munipe.»

Nilikuwa nakitaka kwa ajili yangu. Nisidanganye. Nilipokipata nilikificha chini ya mto wangu, na nilinusa hadi asubuhi. Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyebebwa kwanza. Nilijiambia pia nikate nusu: nusu yake, nusu yangu, kila mtu na maman wake. Nilishika hata makasi. Lakini nilikuwa nimechoka na makasi. Nikachukua uzi na sindano ya mkono, nikarudisha kile kipande, ambacho nilikuwa sijakishona bado, pale kilipotoka, nikakunja kikwembe kizima.

Pale gari la Kamanyola linapojazia abiria, nilimpa mama mudogo kikwembe, na albamu pia, ingawa imebaki na miraba mitupu. Alipokea kikwembe. Albamu akanirudishia kwa mikono miwili.

«Kwetu joto, muchwa inakula hata Biblia. Utamuchungia. Akikua atakuja kuangalia.»

«Mama mudogo, ile ya kahawia, usi...» Sikujua nimalizeje. Usiipoteze? Usiifunge mtoto mwengine? «Ikae karibu naye.»

«Hauna haja kuniambia, mwanangu.»

Akainama, akamweka mtoto mgongoni ingawa miguu ilikuwa mirefu tayari, akamfunga kwa kikwembe cha maman, akakaza fundo juu ya kifua. Mdogo wangu alilaza shavu. Nilitaka aniangalie, lakini macho yalikuwa yamekwisha kufumba, pua imegusa kitambaa, na alikuwa anavuta pumzi kwa namna ile ya siku ya sanduku. Akaingia garini hivyo hivyo, akiwa ameshafika kwa mama yake, na mimi nikabaki na watakatifu wangu chini ya kwapa.

Wiki tatu baadaye mama mudogo alipiga simu. Alikuwa na furaha. Mtoto anakula, mtoto ameongeza mashavu, mtoto ameanza kumwita maman. Alisema hili la mwisho kwa sauti ya chini, kama anayeomba ruhusa. Nikasema ni vizuri. Ni vizuri kweli, yule mwanamke amengoja jina hilo miaka mingi.

«Na ile kikwembe yake, analala nayo tu,» akaendelea. «Lakini mwanangu, ilikuwa inanuka! Moshi, sabuni ya zamani, sijue nini. Niliiloweka siku mbili, niliipiga na sabuni ya unga, nikaianika kwa jua. Ungeiona sasa! Hata maua yalirudi.»

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa atelie. Nikakaa kwenye ngazi.

Aliifua kwa upendo. Mtu akikupokelea mtoto, unataka afanye nini na kitambaa cha kulalia, akiache kichafu? Mimi ndiye niliyekatisha maneno yangu pale garini.

«Aksanti, mama mudogo,» nikasema.

Akampa mtoto simu. Nilisikia kuku, na pumzi.

«Unakula nini kule?»

«Tomate.»

«Na kikwembe yako, iko wapi?»

«Hapa.»

«Iko ya nani?»

«Ya maman.»

Niliogopa kuuliza, nikauliza. «Maman yupi?»

Mdogo wangu si mtoto wa kujibu haraka. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, mara moja, mara ya pili, akitafuta.

«Wa mugongo,» akasema mwishowe. Lakini alisema kama anayeuliza.

«Ndiyo,» nikamwambia. «Wa mugongo. Ni ile.» Nilirudia mara mbili, kama yeye alivyokuwa akirudia mbele ya picha. Kisha kuku mmoja akapita na simu ikaanguka.

Jioni ile nilifungua albamu. Kando ya picha pana miraba mitupu yenye alama ya gundi, na mitatu yenye rangi. Nilikuwa nimewaza kuijaza na vitambaa vingine vya sakafuni kwa patroni, ambaye ana vya kila aina, na vingependeza. Sikuijaza. Nilichukua kalamu, maana maman hakuwa mtu wa kuandika na mtu fulani lazima aandike, nikaandika ndani ya kila mraba kilichokuwapo na kilikokwenda. Cha kwaya: kiko Kabare kwa mama mukubwa. Cha jubile: kwa wifi anayekaa Panzi. Cha ndoa: kwa shangazi, ameshona blauzi. Nikaendelea hivyo hadi ukurasa wa mwisho, nilioutengea cha kahawia, pale maman amemgeuzia mpiga picha mgongo ili kichwa cha mtoto kionekane.

Hapo niliandika: Cha kahawia, cha mgongoni. Kiko Kamanyola. Kimefuliwa.